Ufanisi wa nishati maradufu ifikapo 2030: sisi wa mashine za posho tumo?

MamaUnga, Kisumu

Wadau, habari za jioni. Nina mashine mbili za kusaga karibu na soko la Kibuye. Wenzangu wamenichagua niwasemee kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu mpango wa nishati wa kaunti, nikaletewa karatasi nisome. Ukurasa wa kwanza tu umenishinda. Eti mwaka 2023 kule Dubai, kwenye mkutano wa tabianchi wa COP28, nchi zilikubaliana kuongeza maradufu kasi ya kuboresha ufanisi wa nishati, kutoka asilimia 2 hadi zaidi ya 4 kwa mwaka ifikapo 2030. Asilimia 4 ya nini? Ya bei ya stima? Ya tokeni zangu? Mbele kuna sura ya majengo, ya uchukuzi, ya viwanda, ya kaya. Mimi pale kazini si kaya, na kiwanda sina. Nikisimama niseme nini? Watu wa Kibuye nawajua, nikiwarudia na "maendeleo endelevu" matupu watanicheka hadi Krismasi.

Mkaguzi wa Boila, Kericho

Mama, pole na karatasi. Asilimia hiyo haihusu bili yako. Wanachukua nishati yote inayotumika, kuni, dizeli, stima, kila kitu, wanaigawanya kwa pato la taifa. Lengo ni kwamba kila mwaka pato lilelile lipatikane kwa nishati pungufu. Duniani kasi hiyo ilifika karibu asilimia 2 mwaka 2022, halafu 2023 ikaanguka hadi karibu asilimia 1. Yaani waliahidi kukimbia wakati mwendo unapungua. Wala ahadi si mpya: lengo la 7.3 kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa lilisema maradufu tangu 2015. Hizo sura zako nazo ni za zamani. Mwaka 2008 Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, liliwapa wakubwa wa G8, kundi la nchi nane zenye uchumi mkubwa, mapendekezo 25 yaliyogawanywa hivyohivyo: majengo, vifaa, taa, uchukuzi, viwanda, kampuni za umeme. Mei 2024 IEA hao walikuja Nairobi kujadili ufanisi wa nishati.

Huku kwetu, Sheria ya Nishati ya 2019 ndiyo inayoidai kaunti mpango. Lakini kanuni yenye meno ni ya 2012: anayetumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka lazima akaguliwe matumizi yake ya nishati kila miaka mitatu, na atekeleze angalau nusu ya akiba aliyoonyeshwa. Hapo ndipo mimi napata ugali wangu.

Nikueleze ninachokiona kwenye majani chai. Kuna zile feni za kunyaushia majani, zinavuma usiku kucha kwa kasi moja, majani yawe yamelowa mvua au yamekauka. Ukipunguza kasi ya feni kwa sehemu moja ya tano tu, umeme inaokula unashuka karibu nusu. Meneja haamini mpaka umfungie mita palepale asome mwenyewe. Kisha mnatoka nje kwenye kuni. Magogo ya mkaratusi yamekatwa juzi, yakiingia motoni yanatoa povu kwenye ncha. Boila inaanza kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni kabla ya kuchemsha ya kwake! Banda la mabati, lisilo na ukuta, la kuanikia kuni miezi michache, naliandika kwenye kila ripoti, na karibu kila mara ndilo linalojengwa mwisho kwa sababu halina taa za kumeremeta za kuonyesha wageni.

Sasa wewe na mota mbili hufiki hata nusu ya hizo yuniti 180,000, kwa hiyo kanuni haikuoni. Kinachokufikia ni kibandiko cha nyota, kile kinachoonyesha kifaa kinaokoa umeme kiasi gani. Kanuni za 2016 zinazosimamiwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, zinahusu friji, viyoyozi, taa, na hata mota za fezi tatu kama zako.

Fundi Mota, Nakuru

Mhandisi, nyota ni za dukani. Mama ananunua mtumba, na kibati cha mota kimesagwa kwa grainda hata hujui nguvu yake. Ikiungua inaletwa kwetu. Kutoa waya wa zamani tunauchoma, na wengi wanachoma kwa moto wa kuni nje ya banda. Joto likipita kiasi, yale mabati membamba ya ndani yanaharibika. Unasuka waya mpya safi kabisa, mota inazunguka, mteja anafurahi, kumbe inakula stima kuliko zamani na inashinda imechemka. Oveni ya kuchomea waya bila joto kupita kiasi ipo, ila bei yake fundi mmoja haiwezi. Hiyo ndiyo ningeitaka kaunti inunue, iwekwe mahali tuilipie kwa saa.

Na Mama, mikanda ikilegea badilisha, usiipake lami.

Mwalimu wa Vihiga

Mnabishania mota, na karibu theluthi mbili ya nishati ya nchi hii ni kuni na makaa. Kama hesabu ni nishati yote kugawanywa kwa pato, basi iko jikoni. Mafiga matatu yanapoteza joto kubwa mno, mpishi wetu ana macho mekundu mwaka mzima, na githeri ya wanafunzi inaanza kuchemshwa alfajiri. Jiko la kujengewa lenye dohani lingekata kuni pakubwa. Kwenye karatasi za MamaUnga, shule ni "majengo". Nabashiri wataandika kuhusu balbu.

Mkaguzi wa Boila

Mwalimu, hapo hubishiwi. Wakaguzi tunaitwa penye mita, na kuni hazina mita.

MamaUnga

Asanteni sana. Mota yangu moja kibati kinasomeka, kilowati 11. Ya pili ni upara mtupu, kumbe ndiyo siri yake! Oveni ya Fundi naibeba kikaoni, hiyo hata mweka hazina wetu ataielewa. Mambo ya jikoni, Mwalimu, nitayataja, ila na wewe uwabane wa Vihiga. Mhandisi, je, wenye mashine 20 tukijiunga, mkaguzi anaweza kutukagua kwa mkupuo?

Mkaguzi wa Boila

Kanuni haimlazimishi mtu, lakini pia haimkatazi. Ulizia hilo, wakuandikie kwenye kumbukumbu za kikao. Na kila mwenye mashine aje na rekodi za tokeni za mwaka mzima na magunia aliyosaga. Bila magunia, siwezi kujua kama mashine yako inakula sana au ina kazi nyingi.