Kifaa changu cha kuchuna waya kinakata nyuzi za waya wa 2.5 (milimita za mraba), taya niziweke vipi?

FundiPipeline

Wakuu, salamu. Mimi ni fundi wa stima, kazi zangu nyingi ziko Pipeline na Tassia hapa Nairobi, zile gorofa za kupangisha ambazo mwenye mjengo anataka waya zote ziwe zimevutwa kabla wapaka rangi hawajaingia. Soketi moja kwenye ringi (waya unaozunguka soketi zote na kurudi ulikoanzia) ina ncha sita za kuchuna. Zidisha kwa soketi za ghorofa nzima, ongeza swichi na taa, halafu niambie vidole vinarudi nyumbani katika hali gani. Wengine wanatumia plaisi, wengine kisu cha kukunja, na vijana wa mkono wanatumia meno, nimewakataza hadi nimechoka.

Vya kununua nimevinunua. Vile vya bei ya chini vya barabara ya Luthuli riveti inalegea upesi. Vile vizuri vya Ujerumani ni vya mtu asiyelipa karo. Kwa hivyo nimeenda kwa jamaa wa kuchomelea pale Kariobangi Light Industries tukaunda changu. Ni pande mbili za chuma bapa zilizoshikana kwa riveti moja, na springi niliyotoa kwenye plaisi kuukuu. Kwenye kila taya kuna kipande cha blade ya haksoo kilichochongwa V kwa grenda. Katikati ya mikono kuna skrubu inayozuia taya zisifunge kabisa. Mbele nimechomelea kipande kifupi cha bomba ili waya uingie umenyooka.

Kwenye waya wa uzi mmoja kinachuna safi. Kwenye 2.5 ya nyuzi saba kinakata uzi mmoja, wakati mwingine miwili. Nikilegeza skrubu, ganda halikatiki, linavutika kama jojo. V niipige digrii 60 au 90? Na kikikubali, nataka nitengeneze vya kuuzia mafundi wenzangu, je, kuna haja ya kusajili?

Kopa_Gikomba

Fundi, hicho kifaa chako kinachuna sentimita moja, sisi huku tunachuna mita. Nanunua waya chakavu, na kazi yangu ni kupata kopa (shaba) safi. Ukichoma waya kopa inatoka nyeusi na mnunuzi anakata bei papo hapo. Na ule moshi wa PVC si wa mchezo, ndani yake kuna gesi ya asidi inayokwangua koo. Vijana bado wanachoma usiku kando ya mto kwa sababu kisu ni polepole. Niundie cha kupasua ganda kwa urefu, nitanunua kesho.

MzeeTupa

Kijana, swali la digrii umelikimbilia mapema. Kwanza niambie: nyuzi zinazokatika ziko upande mmoja wa waya au zimetawanyika? Kama ni upande mmoja, chukua waya ule ule, uweke alama ya kalamu juu yake, uchune. Kata ncha, geuza waya alama iangalie chini, uchune tena. Je, jeraha limefuata alama au limebaki upande wa kifaa? Hapo ndipo utajua kama ugonjwa uko kwenye waya au kwenye taya.

Wakati unatafuta jibu, shika kalamu. Kwenye 2.5 ya nyuzi saba, kila uzi una kipenyo cha milimita 0.67. Zimepangwa moja katikati na sita kuizunguka, kwa hivyo shaba yote ni 0.67 mara tatu, yaani 2.01. Ganda ni milimita 0.8 kila upande, jumla waya unakaribia 3.6. Sasa 2.5 ya uzi mmoja: shaba yake ni 1.78 tu. Skrubu yako ukiipimia waya wa uzi mmoja kisha ukaingiza wa nyuzi saba, makali yanaingia ndani ya shaba zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita kila upande. Uzi wenyewe ni 0.67. Lazima uumie.

Tukirudi kwenye V. V mbili za digrii 90 zikikutana zinafanya tundu la mraba, na waya ni duara. Duara ndani ya mraba linagusa pande nne, basi. Chukua mraba wa milimita 2.2: kutoka katikati hadi kona ni 1.56, na shaba yako inaishia 1.0. Maana yake kwenye kila kona kuna zaidi ya nusu milimita ya plastiki ambayo haijaguswa na makali. Hiyo ndiyo jojo yako. Unakaza ili kona zikatike, na kabla hazijakatika pande za mraba zimeshaingia kwenye shaba. V ya digrii 60 ni mbaya zaidi, tundu linakuwa refu na kona zinakwenda mbali zaidi na shaba.

Achana na V. Bana vipande viwili vya blade kwenye vaisi, ukingo kwa ukingo, utoboe tundu la mviringo katikati ya mstari wanapokutana. Kwa 2.5 toboa 2.2. Kwa 1.5, ambayo nyuzi zake ni 0.53 na shaba 1.59, toboa 1.8. Kisha noa upande mmoja tu wa tundu. Uso ulionyooka uelekee ncha ya waya, huo ndio unaosukuma ganda litoke. Uso ulionolewa uelekee upande wa waya unaobaki. Blade zikigusana ndizo kizuizi chenyewe, kwa hivyo ile skrubu itoe, haina kazi tena. Shaba inabaki na ngozi ya sehemu moja ya kumi ya milimita ambayo makali hayakuifikia, na hiyo inakatika yenyewe ukivuta.

Blade ya haksoo itakusumbua kutoboa. Zile za metali mbili, meno tu ndiyo chuma kigumu kabisa, mgongo ni laini kidogo. Zile ngumu zote zinavunjika kama umezikunja, na kuzilainisha kwa moto wa kawaida ni vigumu. Tafuta msumeno mkuukuu wa mbao. Chuma chake ukikipasha kikawa chekundu ukakifukia kwenye majivu hadi kesho, kinalainika, kinatoboleka. Ukitaka kukirudishia ugumu, pasha tena, zamisha kwenye oili, kisha pasha polepole hadi rangi ya majani makavu, hiyo ni kama nyuzijoto 230. Ingawa kwa kuchuna PVC mimi hata nisingehangaika na ugumu. Shaba ni laini na plastiki ni laini zaidi.

Riveti yako nayo uitazame. Ikiwa na mchezo, blade zinapishana badala ya kukutana, na tundu la mviringo linageuka umbo la yai. Weka bolti, washa ya shaba nyeupe kila upande, na nati ile yenye plastiki ndani isiyofunguka kwa mtikisiko. Kaza hadi mchezo uishe, mikono ikiendelea kufunguka kwa springi.

Kuhusu kusajili, taya mbili zenye matundu ni wazo kuukuu. KIPI, ofisi ya serikali inayosajili uvumbuzi, watakuuliza kipya ni kipi, na wewe bado huna jibu. Uza kwanza.

DadaWaya_Kayole

Naongeza moja kwa wale wanaosema uzi mmoja ukikatika si kitu. Nyuzi saba zikibaki tano, 2.5 yako pale kwenye terminali ni kama 1.8. Na hizo tano zimekwaruzwa, ukizikunja mara mbili ndani ya boksi la ukuta moja inafuata. Shawa ya stima ya kilowati 5.5 inavuta karibu ampea 23 kwenye volti 240. Hata kama umeivutia waya mnene, kama ncha imechunwa vibaya joto linakusanyika hapo hapo kwenye skrubu. Nimefungua swichi za shawa zilizobadilika rangi zikawa kahawia, na nyuma yake ni ncha iliyochunwa kwa meno au kisu.

Fundi, la pili. Ukianza kuuza, usivalishe mikono mpira wa baiskeli ukamwambia mtu kwamba kinazuia stima. Zana zenye alama ya volti 1000 hupimwa kwa volti 10,000 kabla hazijauzwa, hicho ndicho kiwango cha kimataifa cha IEC 60900. Chako ni cha kazi iliyozimwa. Zima kwa meni (swichi kuu), pima kwa testa, ndipo uchune. Mpira uwe wa kuzuia mkono usiteleze, basi.

FundiPipeline

Mzee, shikamoo. Nimefanya ile ya alama ya kalamu. Kwenye roli moja jeraha linafuata alama, liko upande huo huo wa waya hata nikigeuza. Kwenye roli nyingine, ya kampuni tofauti, hakuna jeraha la upande, zinakwaruzwa zote kidogo kidogo. Ile ya kwanza nimeikata ncha nikaipiga picha kwa simu nikaikuza: shaba haiko katikati, ganda upande mmoja ni jembamba kuonekana kwa macho. Hiyo nairudisha dukani?

MzeeTupa

Marahaba. Kurudisha ni juu yako na mwenye duka, ila usidhani kila shaba iliyoenda pembeni ni waya bandia. Kiwango cha IEC 60227 kinataka wastani wa ganda la 2.5 uwe 0.8, lakini sehemu nyembamba kabisa inaruhusiwa kushuka hadi 0.62. Kwa hivyo waya halali kabisa unaweza kuwa na shaba iliyosogea karibu 0.18 kutoka katikati. Nafasi uliyobakiza kwenye tundu la 2.2 ni 0.1. Pima ganda kwa venia (kipimo cha taya), sehemu nyembamba ikiwa chini ya 0.62, huo rudisha bila kuomba radhi.

Sasa nimeelewa kosa la kifaa chako liko wapi hasa, na ni lile bomba ulilochomelea mbele. Bomba linashika ganda kwa nje, kwa hivyo makali yanafuata katikati ya ganda. Shaba ikiwa pembeni, makali yanaikuta upande mmoja na waya hauna pa kukimbilia. Kata hilo bomba. Waya ukiwa huru kati ya taya, makali yakigusa shaba upande mmoja, waya unasogea wenyewe hadi shaba ikae katikati ya tundu. Unachotaka kifuatwe ni shaba, ganda ni la kutupa. Ukihofia waya kuingia umepinda, weka kibati bapa cha kuusimamisha kwa urefu tu, sentimita moja kutoka kwenye blade, chenye tundu la milimita 5, usiuguse pembeni.

Na wewe mama wa Gikomba, nisamehe nimekuchelewesha. Usimnyang'anye fundi kifaa chake, kazi zenu zinapingana. Kwake mkwaruzo mdogo kwenye shaba umeharibu kazi. Kwako mkwaruzo si hasara, mzani haujali. Kwa hivyo chako kiwe rahisi: ubao mgumu wenye mfereji wa V, juu yake blade ya kisu cha kukata kadibodi iliyolala kidogo, imeshikwa na chuma chenye bolti mbili ili uipandishe na kuishusha. Unapitisha ncha, unaivuta kwa plaisi, ganda linafunguka kwa urefu. Kwa waya za ukubwa mmoja unaweka blade mara moja asubuhi. Ukichanganya ukubwa utakaa unarekebisha bolti hadi jioni, kwa hivyo panga kwanza. Ubao uwe na ukingo wa kuzuia kidole upande unaotoka waya, blade ile haina huruma.

Kopa_Gikomba

Asante mzee, nitampa seremala wa hapa. Kupanga ukubwa tunapanga tayari. Tangu ile marufuku ya vyuma chakavu ya 2022 mnunuzi anataka ajue kila gunia limetoka wapi, na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inataka leseni, kwa hivyo waya za mjengo tunaziweka mbali na waya mnene. Mnene usioeleweka ulikotoka sigusi kabisa, hiyo ni kesi. Fundi, vipande vyenu vya mjengo mnavitupa wapi?

FundiPipeline

Mama, vipande foremani anavihesabu kama pesa zake, ukitaka uongee naye.

Mzee, taarifa. Bomba limekatwa. Msumeno mkuukuu nimeupata Gikomba, umelainika kwenye majivu ya jiko la jirani. Tundu la 2.2 limetoboka baada ya kuvunja biti moja, na bolti imewekwa mahali pa riveti. Ile roli ya shaba iliyoenda pembeni sasa inatoka safi, nyuzi zote saba, naona tu mstari mwembamba wa kung'aa upande mmoja, si mkato. Roli ya pili haina hata huo mstari. Ganda linatoka kipande kizima kama pete, na kijana wangu wa mkono amekataa kunirudishia kifaa.

Nimeamua kiwe na matundu mawili tu, 1.5 na 2.5. Nilitaka niongeze 4 na 6, lakini hizo nachuna chache kwa nyumba, na kila tundu linasogeza taya mbali na bolti na mkono unapoteza nguvu. Kwa hizo kisu kinatosha, mnene hauna haraka. Kilichonibakia ni kipimo cha urefu, maana kila mtu anachuna apendavyo, mmoja anaacha shaba tupu nje ya terminali, mwingine skrubu inakaa juu ya plastiki. Nafikiria kukwaruza mistari kwenye ubavu wa taya, milimita 8 na 12.

DadaWaya_Kayole

Mistari itafutika na saruji. Chomelea kizingiti kidogo nyuma ya blade, waya ugonge hapo usimame, kimoja kwa soketi. Na unitengenezee vinne vyenye mikono myekundu, vijana wangu wanapoteza zana kwenye kokoto. Bei tuongee pembeni.