MREJESHO: LibreOffice au Microsoft Office kwa nyumbani na steshenari

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama kuna haja ya kulipia Microsoft 365 kila mwaka kwa kompyuta ya nyumbani na zile za steshenari yangu, au LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia na kupiga hesabu, inatosha. Asanteni sana mliojibu, mmeniokolea pesa.

Nyumbani nimeweka LibreOffice na suala limeisha. Watoto wanaandika kazi za shule, mama yao anapiga hesabu za kikoba kwenye Calc, ambayo ndiyo Excel ya LibreOffice.

Dukani ndiko kulikuwa na kazi. Mteja analeta CV kwenye flashi, ukiifungua mistari inasogea na ukurasa mmoja unakuwa miwili. Mkuu aliyesema niangalie fonti (aina ya herufi) alilenga penyewe. Iliyoandikwa kwa Calibri inatoka vizuri, kwa sababu LibreOffice huweka badala yake fonti ya Carlito yenye vipimo vilevile. Zilizokuwa zinavurugika ni za fonti ambazo kompyuta haikuwa nazo; nimeziongeza, zimetulia. Pia nimeingia Tools, Options, Load/Save, nikachagua ihifadhi kwa docx (muundo wa faili za Word) badala ya odt (muundo wa LibreOffice yenyewe). Hili msiliache, wateja wengi wanafungulia faili kwenye simu.

Kilichogoma ni faili la Excel la stoo lenye makro (amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili). Linafunguka, namba zipo, ila vitufe havifanyi kitu. Kompyuta hiyo moja nimeinunulia Office 2024 Home & Business, ya kulipia mara moja. Angalieni jina: ile ya Home peke yake leseni yake si ya biashara. LibreOffice haina sharti hilo.

Aliyejitolea kuniandikia upya ile makro, ofa bado naihitaji mkuu.