Nyumba yetu ya Majengo, Dodoma: mliobaki mitaa ya zamani mnaishije?

Fundi wa Barazani:

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Naomba ushauri wa watu wanaoishi, au waliowahi kuishi, mitaa ya zamani ya mjini. Sisi tuko Majengo, si mbali na soko. Nyumba ni ya marehemu baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli: vyumba sita, korido katikati, uani jiko, choo na mwembe. Kuta ni tofali za udongo zilizopigwa plasta ya saruji. Mama yuko chumba cha mbele, mimi na wanangu tuko vyumba viwili vya nyuma, vingine tumepangisha. Barazani nina cherehani yangu, na ndiyo inayotulisha.

Mfanyabiashara aliyekwisha kununua nyumba mbili tulizopakana nazo amekuja na maneno mawili: tumuuzie, au tuingie ubia ajenge ghorofa, chini fremu, juu lojingi, nasi tupewe sehemu yetu. Kaka zangu, mmoja yuko Mwanza na mwingine Dar, wanataka kuuza. Mama anasema atatolewa humu kwa jeneza.

Niwaeleze mtaa ulivyo sasa. Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba serikali inahamia huku, nyumba zinageuka moja baada ya nyingine. Ya kulia kwetu ni stoo ya mchele na mafuta ya kula, fuso zinashusha usiku wa manane. Ya mbele ni lojingi. Bunge la bajeti likianza Aprili haipati kukaa tupu, na magari yanaegeshwa hadi mlangoni kwetu, mteja wangu akija anapita ubavu. Kushoto kuna ghorofa linapanda. Jua la asubuhi halifiki tena uani, na mvua ikinyesha maji ya paa lao yanamwagikia kwetu. Ukuta umelowa chini na plasta inabanduka vipande vipande. Shimo la choo likijaa, gari la majitaka halina pa kupita mpaka nikamwombe mwenye stoo ahamishe mzigo wake.

Kazi, kwa kweli, imeongezeka. Zamani nilishona sare za shule na madera. Sasa watumishi wa wizarani wananiletea kitenge Ijumaa wakitaka gauni Jumatatu, na wanalipa bila kuvutana.

Kinachoniuma ni watu. Shoga yake mama wa nyumba ya pili aliuza akaenda Nkuhungu. Mwingine alifariki, watoto wakauza kabla hata ya arobaini. Zamani mama akikohoa usiku, majirani waligonga ukuta kuuliza kulikoni. Leo nyuma ya ukuta huo kuna magunia. Presha ilipompanda alfajiri moja, aliyenisaidia kumbeba hadi kwenye bajaji ni mlinzi wa ile stoo, kijana wa Kibaigwa. Mungu amzidishie. Lakini yule ni mwajiriwa, kesho atahamishiwa kwingine.

Mliouza, mnaishije huko mlikokwenda? Mliobaki, mmefanya nini nyumba isiwaangukie? Mlioingia ubia, mlipata mlichoahidiwa? Na je, hakuna sheria ya kulinda nyumba za zamani kama hizi?

Mzee wa Uhindini:

Marahaba binti yangu. Nianze na la sheria, maana wengi wanadhani ipo ya kuwakinga.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua kwa umri wake majengo ya kabla ya 1863. Mji wetu umezaliwa na reli, na reli ya Wajerumani ilifika hapa karibu mwaka 1910. Kwa hiyo hakuna nyumba ya Uhindini, Madukani wala Majengo inayoingia humo kwa umri. Njia iliyobaki ni waziri kulitangaza jengo kwenye gazeti la serikali, moja moja. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake na umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Sisi watu wanapiga picha stesheni ya zamani na ile hoteli ya reli iliyo mbele yake, basi. Waliozibeba reli hizo walilala mitaa kama yenu, na mimi naona ni haki nyumba zao chache zitunzwe. Lakini usiweke tumaini la mama yako hapo.

La pili ni hati, na hili ndilo kubwa. Kama baba alimilikishwa na CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikigawa viwanja hapa, angalia muda. CDA ilikuwa inatoa miaka 33, si 99. Ilivunjwa Mei 2017 na shughuli zake zikahamia kwa halmashauri. Hati iliyoanza 1985, kwa mfano, ilikwisha 2018. Mnunuzi mjanja hulijua hilo kabla yenu na hulitumia kushusha bei. Nenda ofisi ya ardhi ya Jiji kabla hujajadiliana na mtu yeyote.

La tatu, kama hati bado ina jina la marehemu, hakuna wa kuuza wala wa kusaini ubia hadi mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Kaka zako wakiwa na haraka, haraka hiyo waianzie mahakamani. Na mama asiwekwe pembeni, ana fungu lake.

Wasikutishe pia kwamba mkichelewa bei itashuka. Sensa ya 2012 ilikuta jiji hili lina watu 410,956, ya 2022 ikakuta 765,179. Kiwanja cha karibu na soko hakikosi mteja.

Nimehamia Nzuguni:

Dada, sisi tuliuza ya Madukani, kila mtu akachukua chake, nami nikajenga Nzuguni. Nafasi ipo, nimepanda mizabibu, watoto wanacheza. Stendi kuu iko huku na soko la Job Ndugai liko huku, kwa hiyo hatuko porini.

Shida imekuwa kwa mama. Mjini alikuwa anakwenda sokoni kwa miguu kila asubuhi, hata siku asiyonunua kitu, kwa ajili ya kusalimiana tu. Huku kila nyumba ina ukuta na geti, majirani ni watumishi, wanatoka alfajiri kwenda Mtumba kwenye ofisi za wizara, wanarudi giza limeingia. Ni watu wema, tulipofiwa walikuja wote. Ila mchana huoni mtu. Mama akawa wa kukaa tu, miguu ikaanza kuvimba. Siku hizi Jumamosi nampandisha daladala hadi Jamatini, katikati ya mji, anashinda kwa shoga zake waliobaki.

Nyumba yetu ilikuwa imechoka na fedha ya kuikarabati hatukuwa nayo, kwa hiyo kuuza sijutii. Mwenye mzee nyumbani namshauri atafute karibu, Makole au Chamwino ya mjini, hata kama ni padogo.

Fundi Mawe:

Nizungumzie ukuta tu. Ukuta wa udongo unavumilia miaka mingi, unaangushwa na maji yanayopanda kutoka chini. Plasta ya saruji inayafungia ndani. Bandua plasta yote ya chini iliyolegea, acha ukauke kiangazi chote, zungushia msingi jamvi la zege lenye mteremko kuelekea nje, na weka gata upande wenu. Ukiziba nyufa kabla haujakauka, masika yajayo utaniita tena.

Maji ya paa la jirani ni wajibu wake. Piga picha mvua ikinyesha, peleka kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa wanaotoa vibali vya ujenzi Jiji. Fanya hivyo jengo likiwa bado linapanda, akishahamia itakuwa ngumu.

Wa Ghorofa ya Pili:

Sisi tuliingia ubia, na tumepata tulichoahidiwa, ila kwa kusumbuka. Ujenzi ulichelewa sana, na bila wakili tungebaki na maneno matupu. Mambo tuliyoshikilia: ramani ionyeshe kwa namba vyumba na fremu zetu ni zipi, na kila sehemu iwe na hati yake. Sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008 inaruhusu hilo. Mama tulimwombea sehemu ya chini, nyuma ya fremu, kwa sababu ngazi asingeziweza. Mwekezaji alikataa, akitaka chini yote iwe biashara. Tulikaa bila kusaini mpaka akakubali.

Fundi wa Barazani:

Nawashukuru sana, hasa Mzee wa Uhindini. Hati nimeitoa sandukuni usiku huu: ni ya CDA, miaka 33, na imekwisha muda. Kesho naenda ardhi, nikitoka huko nauliza la mirathi. Kaka zangu nimewaambia hatuongei bei mpaka hayo mawili yakamilike, na kikao kitafanyika hapa mama akiwepo.

Wa Ghorofa ya Pili, swali moja: kipindi mlichohama kupisha ujenzi, kodi ya mlikopanga alilipa nani? Na cherehani kama yangu ningeipeleka wapi?

Wa Ghorofa ya Pili:

Alilipa mwekezaji, na tuliandikiana hivyo kabla ya kubomoa. Ya biashara sisi hatukuidai kwa kuwa hatukuwa nayo, lakini wewe idai: akupe fremu ya muda mtaa huohuo, wateja wasikupotee. Mwambie wakili aiweke kwenye ukurasa mmoja na ile kodi.