Waliovuka kupiga kura mchujo wa chama kingine: mamluki au wageni?

Mleta mada (Grand Rapids, Michigan)

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Kila msimu wa mchujo wa urais hapa Marekani, yaani kura ya kila chama kumpata mgombea wake, anayezidiwa kete anasema watu wa chama kingine wamevuka siku moja, wamemharibia, kisha wamerudi kwao. Januari 2024 Donald Trump alilalamika kwamba Wademokrat wanaachiwa kumpigia mpinzani wake Nikki Haley kwenye mchujo wa Republican kule New Hampshire. Utaratibu wa pale ni kwamba Mdemokrat aliyesajiliwa alitakiwa awe amebadilisha usajili wake tangu mapema Oktoba 2023. Wanaochagua siku yenyewe karatasi ya kura ya chama gani wapewe ni wale wasio na chama. Na Trump alishinda, asilimia 54 kwa 43.

Huku Michigan hatusajiliwi kwa chama kabisa. Unafika kituoni, unapewa fomu, unatia alama kwenye kisanduku cha chama unachotaka karatasi yake. Februari 2024 nilikuwa kwenye foleni nyuma ya mzee wetu mmoja wa Bukavu, kura yake ya kwanza tangu apate uraia. Kalamu ikasimama juu ya fomu, haishuki. Akanigeukia: "Mwanangu, nikitia alama hapa, nimeshakuwa mwanachama wao?" Nikamwambia hapana mzee, ni karatasi ya leo tu. Ila ujue, jina la chama ulichochagua linaandikwa, na mtu akiomba orodha anaiona. Siri ni jina la mgombea. Akatia alama polepole, kama anayesaini cheti cha ndoa.

Sasa niambieni, mzee yule ni mamluki wa nani?

Kisa kinachotajwa sana ni cha 2008. John McCain alishajihakikishia uteuzi wa Warepublikan mwanzoni mwa Machi, wakati kwa Wademokrat Hillary Clinton na Barack Obama bado wanavutana mashati. Mtangazaji wa redio Rush Limbaugh akawahimiza wasikilizaji wake wavuke wampigie Clinton ili ugomvi wa Wademokrat usiishe. Mpango akaupa jina: Operation Chaos, yaani Operesheni Vurugu. Mei 6 Clinton akashinda Indiana kwa kura kama 14,000 kati ya karibu milioni 1.28. Hadi leo kuna wanaoapa kwamba ushindi ule ulikuwa wa Limbaugh.

Tupige hesabu. Katika waliohojiwa wakitoka vituoni, kama mmoja kati ya kumi alisema ni Mrepublikan. Hao ni takriban watu 128,000. Lakini hawakwenda upande mmoja. Clinton alipata kama 54 katika kila 100, na karibu wote waliobaki wakaenda kwa Obama. Tofauti yao ni kama kura 10,000. Wafute wote, na Clinton bado yuko mbele, kwa uzi mwembamba. Hapo nimechukulia kwamba kila Mrepublikan aliyempa Clinton kura alitumwa na redio, na mimi sikubali hilo, maana mama yule alikuwa na watu wake wa dhati, hasa wafanyakazi wa viwandani na wa miji midogo. Uteuzi wenyewe ulienda kwa Obama.

Hoja yangu ni hii. Kura ya aliyevuka haina alama usoni. Aliyekuja kuharibu na aliyekuja kwa sababu amekichoka chama chake wanasimama foleni moja na kutumia kalamu moja. Ukifunga mlango ili kumzuia wa kwanza, umemfukuza wa pili, na huyo wa pili ndiye utakayemhitaji Novemba, kwenye uchaguzi mkuu. Karibuni.

Mchangiaji (Columbus, Ohio)

Mkuu, Indiana umeichagua kwa sababu inakufaa. Mbona umeruka jimbo lako mwenyewe, mwaka 2000? Mchujo wa Republican, Februari 22. Warepublikan wenyewe walimpa George W. Bush kama theluthi mbili ya kura zao. Lakini zaidi ya nusu ya waliopiga kura siku ile hawakuwa Warepublikan! Wademokrat na wasio na chama wakambeba McCain, akashinda 51 kwa 43. Familia imechagua bwana harusi, majirani wakamleta mwingine. Utaiitaje hiyo?

Na Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka huohuo, katika kesi ya California, kwa majaji 7 dhidi ya 2, kwamba dola haiwezi kukilazimisha chama kupokea kura za watu wasio wake katika kumpata mgombea wake. Nyumba ina mwenyewe, ndugu yangu. Huku Ohio ukitaka karatasi ya chama ambacho hukuwa nacho, msimamizi anaweza kukuhoji, na unatia saini tamko kwamba unaziunga mkono kanuni zake. Sioni ubaya wake.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Nawasoma tu nawaonea wivu. Nyie mnagombania nani aruhusiwe kupiga kura ya kumpata mgombea urais. Huku 2015 CCM walichukua fomu watu zaidi ya thelathini, Kamati Kuu ikabakiza watano, Lowassa jina likakatwa, Mkutano Mkuu Dodoma ukampitisha Magufuli. Mimi mwenye kadi nililipia ada yangu nikasubiri kwenye redio kama asiye na kadi. Wala hakuna aliyehitaji kuvuka kuja kutuharibia.

Mleta mada

Wa Columbus, nakubali. Michigan 2000 waliovuka waliamua matokeo, na sina namna ya kulipinga hilo. Ila wewe unaita majirani, mimi naona watu waliompenda McCain na wakasema hivyo mbele ya karani. Mwaka 2012 ndipo palikuwa na jaribio la wazi: kwenye mchujo wa Republican, kampeni ya Rick Santorum yenyewe iliwapigia Wademokrat wa hapa simu za kurekodiwa, waje wamwangushe mpinzani wake Mitt Romney. Wademokrat wakafika karibu asilimia 10 ya wapiga kura, wengi wao wakampa Santorum, na Romney akashinda kwa kama pointi tatu.

Tamko lako la saini Ufaransa walilijaribu mwaka 2016 kwenye mchujo wa mrengo wa kulia: euro 2, na saini kwamba unakubaliana na maadili ya upande huo. Wa mrengo wa kushoto walitia saini, wakalipa, wakaingia. Aliyekusudia kudanganya hazuiwi na euro 2. Anayezuiwa ni mwaminifu anayeona aibu kusaini asichokiamini chote.

Na nyumba ina mwenyewe, sawa, lakini hapa Michigan bili ya mchujo wa urais inalipwa na jimbo. Mzee wa Bukavu anakatwa kodi kila mshahara tangu kiwanda cha kwanza alichofanyia kazi. Chama kikitaka mlango wake uwe na kufuli, kiende kikaandae mkutano wake kwa fedha zake, kama ule wa Dodoma anaousema ndugu yetu wa Dar. Hapo sitakuwa na neno. Wewe wa Ohio, uko tayari kwa hilo?