Wanacheka pale nilipotaka walie: maonyesho matatu ya majaribio, niukate mstari?

KabatiLaMama (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za usiku. Naandika poda ikiwa bado usoni, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka.

Nina mchezo wa jukwaani wa mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mimi. Nimeuandika, naucheza, anauongoza rafiki yangu wa siku nyingi. Mwanamke yuko chumbani kwa mama yake aliyefariki, anapanga vitu: vya kugawa, vya kutupa, vya kubaki navyo. Jukwaani kuna kitanda, kabati lililong'oka mlango mmoja, simu, na jozi kumi na moja za viatu. Basi. Ufunguzi rasmi ni wiki mbili zijazo. Kwa sasa tunaalika watu waone mchezo ukiwa bado jikoni, na wao wanalijua hilo wanapoingia.

Tatizo liko dakika ya arobaini hivi. Najaribu kuvaa kiatu cha mama. Ni kidogo kwangu, saizi nzima. Vidole vinaingia, kisigino kinagoma. Nasukuma, kinagoma tena, nabaki mguu mmoja nimeng'ang'ania kabati kama korongo, halafu nasema: "Hata viatu vyako, mama, bado vinanisema."

Huo ndio mstari wa kwanza kabisa nilioandika, kabla sijajua kama naandika mchezo au barua. Niliuandika huku nalia. Sasa sikilizeni.

Siku ya kwanza watu 19. Wakacheka. Siku ya pili watu 64. Wakacheka zaidi, kuna mmoja alijipiga paja nikamsikia. Nikatoka jukwaani nimenuna, nikamuuliza mwongozaji hawa watu wana roho za namna gani. Siku ya tatu nikaapa: leo hamcheki. Kiatu nikakivaa taratibu, sauti nikaishusha, nikakaa kimya kidogo kabla ya kusema. Na kweli hawakucheka. Nikafurahi kama sekunde nne.

Baada ya hapo hawakufanya kitu chochote tena mpaka mwisho. Mbele kidogo kuna sehemu ninaposikiliza ujumbe wa sauti alioniachia mama kwenye simu. Zile siku mbili za kwanza nilisikia watu wakivuta makamasi gizani. Siku ya tatu nilisikia mtu anakunja karatasi. Mwingine wa mstari wa tatu alinyanyuka akatoka, hakurudi. (Labda alikuwa na dharura. Ndivyo ninavyojiambia.)

Kadi za maoni hazinisaidii. "Hongera." "Una kipaji, usikate tamaa." "Nzuri ila viti vigumu." Na watu wanne, siku tofauti, wameandika swali lilelile: kaka yake alifika? Huyo kaka anatajwa mara moja tu, dakika ya tano, anapiga simu kusema atakuja saa kumi kusaidia kubeba kitanda. Sijui kwa nini wameng'ang'ana naye.

Niukate mstari wa kiatu? Niubadilishe? Mwongozaji anasema niuache. Dada yangu anasema watu wananidharau. Nipeni ukweli, sukari sitaki.

KibandaChaTaa

Pole na kazi dada. Mimi ni mtu wa taa na sauti, nakaa nyuma ya watazamaji, kwa hiyo kila siku naona visogo vyao kuliko ninavyoona sura za waigizaji. Kabla sijasema lolote: msimamizi wa jukwaa wako anaandika ripoti kila baada ya onyesho? Nataka dakika. Siku ya kwanza zilikuwa ngapi, ya pili, ya tatu. Usikisie, muulize.

KabatiLaMama

Nimemuuliza. 67, 69, 76. Nimeshtuka kidogo, maana sijaongeza hata neno moja.

KibandaChaTaa

Basi hapo ndipo pa kuanzia. Kiatu kimoja hakiwezi kula dakika saba. Ulikuwa unakiogopa kicheko cha dakika ya arobaini, ukaanza kuwabana watu tangu dakika ya kumi. Kila mahali palipokuwa na utani ukapapitia kwa kunyata. Mtazamaji hajui kilichobadilika, lakini anajua ameombwa akae na adabu, na mtu aliyekaa kwa adabu halii.

Kuhusu visogo: aliyezama kwenye mchezo kichwa chake hakisogei. Akianza kuchoka huanza shingo, halafu anahamisha uzito kwenye kiti, halafu kinakuja kikohozi. Kikohozi kimoja si kitu. Kikifuatwa na cha pili upande mwingine wa ukumbi ndani ya nusu dakika, hao umeshawapoteza. Mwambie msimamizi wako aandike kikohozi kinatokea kwenye mstari gani. Hiyo ni kadi ya maoni isiyojua kudanganya.

Na jambo jingine. Watu 19 wakitawanywa ukumbini kwa kawaida huwa wagumu kucheka, kila mmoja anaogopa kusikika peke yake. Kama hao nao walicheka, mstari wako unachekesha. Siku ambazo watu ni wachache, wakusanye katikati, mbele. Usiwaache wajichagulie viti vya pembeni.

KitiChaPembeni

Samahani naingilia. Mimi si mtu wa sanaa, ila nadhani niliuona mchezo huu siku ya pili. Kabati mlango mmoja, jozi za viatu zimepangwa chini ya kitanda, nyeupe moja ina ua? Kama ni wewe, mmoja wa waliocheka ni mimi.

Sikukudharau. Mama yangu alipofariki nilivaa koti lake mikono ikaishia hapa kwenye kiwiko, nikasimama mbele ya kioo naonekana kichekesho, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Ulipobaki mguu mmoja pale, nilijiona. Kicheko kilinitoka kabla sijaamua. Ujumbe wa sauti ulipoanza nilikuwa sina tena pa kujificha, nikalia mpaka nikaona aibu kwa jirani.

Ila kuhusu kaka, nami nilikuwa namsubiri! Ulisema saa kumi. Nilikaa kushoto, karibu na ule mlango wa pembeni wa ukumbi, na kila mtu alipopita nje nikawa nageuka. Mpaka unainama kutoa shukrani, bado nilidhani ataingia.

MzeeMswada

Mimi nitakuwa mkaidi hapa. Siku tatu hazitoshi kubadilisha hata nukta. Kila siku wanaingia watu wengine, wamechoka kivyao, wamegombana huko walikotoka, mvua imewanyeshea. Ukiuhariri mchezo kwa kufuata kila kundi utaishia na mchezo wa kila mtu ambao si wa mtu yeyote. Nimeandika michezo, na nimewahi kukata mandhari nzima kwa sababu ya Ijumaa moja iliyopooza. Jumamosi yake watu waliouona mapema walikuja wakaniuliza ile mandhari imekwenda wapi.

Wa kaka nakubali. Ukimtaja mtu kwenye mchezo wa mtu mmoja na ukampa saa ya kufika, umempangia kiti. Jukwaa lina mtu mmoja tu. Kila jina jingine ni ahadi. Ama mfute, ama ulipe deni. Lakini hilo ni kosa la mwandishi, hata bila watazamaji ungeliona ukisoma mswada kwa macho makavu. Kiatu usikiguse.

BibiWaJukwaa

Wanangu nimewasoma wote. KabatiLaMama, nakuomba usome tena mstari wako mwenyewe kwa sauti. Viatu vinakusema! Nani anaandika hivyo akiwa hajatabasamu hata kidogo? Uliandika utani ukilia, na watu wamepokea vyote viwili. Shida yako ni kwamba unataka wapokee machozi tu, kwa sababu machozi ndiyo unayoyakumbuka.

Sasa nikuulize swali ambalo kwenye mchezo wa mtu mmoja ni gumu kuliko yote: mstari huo unamwambia nani? Usinijibu mimi. Kama unawaambia watazamaji, basi wao ndio mwenzako wa jukwaani, na kicheko ni zamu yao ya kuongea. Huwezi kumsemesha mtu halafu ukamkasirikia kwa kujibu. Kama unakiambia kiatu, macho yako yawe kwenye kiatu, na ukishasema usinyanyue uso kuchungulia wamelipokeaje. Nadhani hizo siku mbili ulinyanyua uso. Mwulize mwongozaji wako.

Na kicheko kikija, kina namna yake ya kushikwa. Ukiongea juu yake, watakosa maneno yako, na siku nyingine watajizuia wasikose tena. Ukisubiri kiishe kabisa, hewa imeshatoka. Unaingia kinapoanza kushuka, bado kuna midomo iliyo wazi. Hapo ndipo unapoweka jambo lako zito. Phoebe Waller-Bridge, mwandishi na mwigizaji wa Uingereza, alipoucheza Fleabag, mchezo wake wa mtu mmoja, kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Edinburgh, Uskoti, mwaka 2013, alikuwa peke yake na kiti. Anawachekesha watu karibu njia nzima, na kila walichokichekea kinawarudia pale wanapojua rafiki yake alikufaje. Asingewachekesha, kisingekuwepo cha kuwarudia.

Kuhusu kadi, zitupe. Ukimuuliza mtu "umeonaje?" atakupa hongera, amelelewa vizuri. Kuna utaratibu wa Liz Lerman, mtu wa dansi wa Marekani, aliubuni mwaka 1990. Kwanza watazamaji wanasema nini kiliwagusa au kubaki nao. Halafu wewe msanii ndiye unayeuliza. Halafu wao wanakuuliza maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Mwisho kabisa ndiyo maoni, na kila maoni yanaombewa ruhusa: "nina maoni juu ya kiatu, ungependa kuyasikia?" Unaweza kukataa. Inaonekana kama mchezo wa watoto mpaka ujaribu. Baki na watu wanane baada ya onyesho, waulize kitu kidogo: saa kumi ilipopita, ulikuwa unafikiria nini?

Mzee Mswada ana hoja yake, siipuuzi. Dawa ya hofu yake ni tarehe. Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo za New York, wana siku ya kuugandisha mchezo. Kuanzia hapo hadi wahakiki wanapokuja hakuna neno linalohamishwa. Jiwekee yako, siku nne kabla ya ufunguzi. Kabla ya hapo badili kitu kimoja kila usiku, kimoja tu, vinginevyo hutajua ni kipi kilichofanya kazi.

KabatiLaMama

Shikamoo Bibi. Mwongozaji kathibitisha, nilinyanyua uso. Siku zote tatu. Anasema siku ya tatu niliwaangalia "kama mwalimu wa zamu". Alikuwa hajaniambia kwa sababu nilikuwa nimenuna.

KitiChaPembeni, ndiyo, nyeupe ina ua. Nimesoma ulichoandika kuhusu koti mara tatu, nikampigia dada yangu nikamsomea na yeye. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema na yeye alijaribu mitandio ya mama, hakuwahi kuniambia.

Mzee, kumfuta kaka ilikuwa rahisi lakini sikuweza. Ngoja nijaribu kulipa deni. Kesho tunaonyesha, nitaleta ripoti.

KibandaChaTaa

Na dakika usisahau.

KabatiLaMama

Dakika 68.

Watu 41, tuliwakusanya katikati. Tulikubaliana na mwongozaji kubadili kitu kimoja, tukabadili viwili, Bibi nisamehe. Kwanza macho yakabaki kwenye kiatu. Pili, baada ya mstari, simu iliyo kitandani inawaka. Hailii, inawaka tu. Naenda kuisoma nikiwa na kiatu nusu mguuni, nachechemea, kisigino kinaning'inia nje. Nasoma kimya. Sisemi ni nani wala kaandika nini. Naiweka kifudifudi, nakaa ule upande wa kitanda ambao kaka alitakiwa kuushika.

Walicheka kwenye kiatu. Sikuwaangalia, lakini nilikisikia kicheko vizuri kwa mara ya kwanza, na kwa kweli hakikuwa kibaya, kilikuwa na kama "ee" ndani yake. Kikaanza kushuka, simu ikawaka, kikakatika kama bomba lililofungwa. Nilipoiweka kifudifudi, mtu mzima mmoja wa mstari wa pili akasema kwa sauti kabisa, kama yuko kwake: "Haji huyo."

Nilitaka kucheka mimi! Nikajiuma shavu. Ukumbi mzima ulimsikia na hakuna aliyemnyamazisha. Nikachukua simu tena, nikabonyeza ujumbe wa mama, na safari hii sikusikia karatasi.

Walibaki saba baadaye. Niliwauliza lile swali la saa kumi. Mmoja akasema hakumbuki kaka, alikuwa anahesabu viatu ili ajue nitabaki na jozi ngapi. Sijui nilifanyie nini hilo, nimeliandika tu.

Jingine ni la kiufundi. Kisigino changu kimechubuka, damu kidogo, na kuna maonyesho mengine manane kabla ya ufunguzi. Anayejua namna ya kulainisha kiatu kwa ndani bila kukipanua anisaidie, maana kikinitosha sina mchezo.