Land Rover 109, BJ40 au Lightweight ya jeshi: lipi linafaa kufufuliwa hapa Tanga?

Mwana_Chumbageni
Habari za jioni, ndugu zangu. Nimeamua kununua gari la zamani la kuvuta magurudumu yote manne ili nilifufue polepole, na nimebakiwa na matatu ambayo nimeyaona kwa macho yangu. La kwanza ni Land Rover Series III ndefu, yaani 109, iliyokuwa ikitumika katika shamba la mkonge upande wa Korogwe. La pili ni Toyota Land Cruiser BJ40, ipo Muheza. La tatu ni Land Rover Lightweight iliyotoka katika jeshi la Uingereza, ipo Mombasa. Mwenye Land Cruiser amenipa hadi Jumamosi, kwa hiyo anayejua lipi ni bora naomba aniambie.

FundiNgamiani
Bora kwa kazi gani, ndugu? Hukutaja bajeti, hukusema kama gari ni la kwenda sokoni kila siku au la kutembelea Pangani mwisho wa wiki, hukutuambia kama 109 ni ya petroli au ya dizeli, na zaidi ya yote hukugusia kadi. Gari la shamba mara nyingi hukaa miaka mingi bila karatasi zake kuhuishwa, na kadi ikiwa bado ina jina la kampuni iliyokwisha kufungwa, utazunguka maofisini kuliko utakavyozunguka barabarani. Na hilo la Mombasa, lina usajili wa Kenya au limeshuka melini tu? Gari lililozidi umri hulipiwa ushuru wa ziada juu ya ule wa kawaida. Tupe majibu kwanza.

MzeeWaMaramba
Tukiwa tunasubiri majibu, mimi nitasema wazi kwamba kwa mtu anayeishi Chumbageni, ambako upepo wa bahari unaingia hadi kabatini, sioni sababu ya kutazama kitu kingine mbali na Land Rover. Tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, bodi yake imekuwa ya aloi ya alumini, kwa sababu baada ya vita chuma kilitolewa kwa mgao Uingereza, na bodi hiyo haishiki kutu kama bati la Toyota. Kinachooza ni chesisi, pamoja na ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva, na vyote viwili vinatengenezwa upya Uingereza hadi leo, chesisi ikiwa imechovywa katika zinki.

DadaWaMuheza
Shikamoo, mzee. Kwa heshima zote, alumini hiyo nayo huliwa pale inapogusana na chuma huku chumvi ikiwapo. Tazama ukingo wa chini wa mlango wa Land Rover yoyote iliyozeekea pwani: rangi imefura, na ukiibonyeza kwa kidole unatoka unga mweupe. Ni kweli kwamba BJ40 inaoza, hasa nguzo za kioo cha mbele na juu ya magurudumu ya nyuma, lakini fundi bodi anakata na kuchomelea bati jipya siku hiyo hiyo, ilhali anayejua kuchomelea alumini vizuri hapa mkoani utamtafuta. Mwenye mada asome kibao cha gari kwa makini. BJ40 ilikuwa na injini ya B ya lita 3.0, na BJ42 ndiyo iliyopewa 3B ya lita 3.4. Hiyo 3B iliwekwa hata kwenye Dyna, lile lori dogo la Toyota, kwa hiyo vipuri vyake havihitaji kuagizwa kwa ndege.

Katani
Sibishani kuhusu chapa, ila nitasimulia yaliyonipata. Nilinunua 109 ya shambani ikiwa na rangi mpya, na chini imepakwa lami nyeusi, nadhifu mno. Muuzaji alisema lami ile ni kinga ya chumvi. Mjini gari lilikwenda vizuri. Siku niliposhuka nalo kutoka Amani, mvua ikiwa imenyesha, nilisikia mshindo mzito nyuma, gari likainama upande wa kulia na tairi likaanza kusugua bodi. Nikaingia chini na tochi. Pale springi ya nyuma inaposhikwa kwenye chesisi palikuwa pameachia, na ndani ya mwanya, mahali palipotakiwa kuwa na chuma, palikuwa na katani iliyoloweshwa gundi ya faiba, ikasindiliwa, ikapigwa msasa hadi ikalingana na chuma cha pembeni, kisha ikafunikwa kwa lami. Nyuzi zake zilikuwa bado nyeupe. Yaani kuna mtu alikaa chini akaziba kwa katani chesisi ya gari linalobeba watu! Lori la mbao lilituvuta hadi Muheza, na fundi alipoanza kukwangua lami alikuta viraka vya namna ile hadi chini ya gia boksi, wakati muuzaji hapokei simu tena. Nenda na nyundo ndogo, ndugu, ugonge chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti butu. Muuzaji akikukataza kugonga, muage kwa adabu uondoke.

Mstaafu_Raskazone
Pole sana, Katani. Naona Lightweight haijapata msemaji. Ilitengenezwa kuanzia mwaka 1968 ili ibebwe kwa helikopta, ndiyo maana bodi yake ni ya mabapa bapa na sehemu nyingi zinafunguka. Mitambo ni ya Land Rover fupi ya kawaida, yaani 88, kwa hiyo injini na gia boksi havitakusumbua, lakini bodi yake ni ya peke yake na bati la 88 halitakaa. Uliza kama ni toleo la redio lenye umeme wa volti 24, kwa maana vifaa vyake vya kuwashia vimefungwa visiingiliane na redio, na bei yake si ya kitoto. Tena ibadilishe rangi mapema. Ukipita na kijani kile cha jeshi, kila kizuizi kitataka kukujua wewe ni nani.

Mwana_Chumbageni
Asanteni nyote. Bajeti yangu ni shilingi milioni 20 pamoja na matengenezo. BJ40 ina kadi, ila jina lililomo ni la marehemu baba yake muuzaji. Ya Mombasa sijaambiwa lolote kuhusu ushuru. Nilisahau pia kusema kwamba 109 haina injini.

FundiNgamiani
Haina injini, na wewe unaiita ya kwanza katika orodha! Basi mjadala umebadilika.

DadaWaMuheza
Mjadala umekwisha. Afunge 3B kwenye hiyo 109, apate bodi anayoipenda mzee na injini inayowaka kila asubuhi.

MzeeWaMaramba
Huko si kufufua, binti yangu, huko ni kuzika. Series III nyingi zilitoka na injini ya lita 2.25, ya petroli au ya dizeli, na gari lenye moyo wa mwingine mimi silihesabu.

FundiNgamiani
Mzee, hata kabla ya kufika kwenye heshima, kuna hesabu ya mitambo. Nguvu za 3B zinataka kipande cha kuunganishia gia boksi kilichochongwa kwa vipimo, na kama ekseli ya nyuma si ile nzito ya Salisbury, shafti zitakatika kwenye mlima wa kwanza wa Lushoto. Kwa upande mwingine, injini nyingi za petroli za zamani zilizoea madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya mafuta kulinda viti vya valvu, yaani pale valvu inapokalia ikijifunga, nayo yaliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Kwa hiyo ukipata ya petroli, kagua viti hivyo kabla ya kuifunga.

MzeeWaMaramba
Ya petroli ninayo stoo, nzima, na kabureta yake. Ila nitaiuza kwa atakayeirudisha ndani ya Land Rover tu.

Katani
Mzee, mimi chesisi nilishabadilisha, na bado ninatafuta kabureta. Unaweza kuitenga na injini?

MzeeWaMaramba
Siitengi.

Mwana_Chumbageni
Mwenye BJ40 amenipigia sasa hivi, anasema kuna mteja kutoka Arusha anakuja kesho asubuhi. Kuna anayejua mirathi ya gari huchukua muda gani?

Mstaafu_Raskazone
Ndugu wa marehemu wako wangapi?