Volkswagen ya 1968 inavuja baada ya vidanji, naomba ushauri

Wandugu, jambo. Niko Katuba, Lubumbashi. Nina Volkswagen Coccinelle ya 1968, moteri 1300, ya marehemu baba. Juma lililopita niliipeleka garaji kwa vidanji, yaani kubadilisha mafuta ya moteri. Fundi, kijana aliyezoea Toyota, aliitafuta filta ya kufungua kwa mkono hadi akachoka. Haipo! Coccinelle ina chujio cha wavu tu, chini ya moteri, kimeshikwa na sahani yenye nati 6 ndogo.

Alipokifungua hakubadilisha zile karatasi mbili za kuzuia kuvuja, moja juu ya wavu na moja chini yake, wala pete za shaba za nati. Kisha akakaza kwa nguvu zote kama anafunga gurudumu la lori. Sasa mafuta yanadondoka usiku kucha, na nati moja inazunguka pamoja na boloti yake. Bloku ya moteri hii ni magneziamu, madini laini. Nati hizo zinataka mkono mwepesi, nyutonimita 7 hivi. Tena alitaka kumwaga bidoni nzima ya lita 4. Nikamzuia, maana moteri inabeba lita 2.5 tu.

Sasa, uzi wa boloti ulioliwa unaweza kutengenezwa bila kushusha moteri? Karatasi hizo ziko kwa nani hapa mjini, ama niagize Lusaka zipitie mpakani Kasumbalesa? Na kwa joto letu la Oktoba, niweke mafuta ya 20W-50 au SAE 30? Fundi anasema 5W-30, iliyo nyepesi zaidi, inatosha, ila kwa moteri ya umri huu mimi sikubali.